Kazi ya Kukaa Tuli

"Mzee, umetikisika."

Msichana alisema bila ukali, brashi imesimama hewani katika mkono wake wa kushoto. Kwa sababu ya mkono huo wenzake walimwita Mashoto, naye alikuwa ameshazoea kuitika. Tangu aanze kumchora mzee huyu, hakuwahi kumwambia neno hilo. Wengine wote walitikisika. Walikohoa, walijikuna, walisinzia. Huyu alikuwa anakaa kama amepigiliwa misumari, na ndiyo maana idara nzima ya sanaa ilimwita Mzee Tulia.

"Nisamehe, mwanangu," alisema, akarudisha kidevu mahali pake.

Lakini macho yalikataa kurudi. Yalikuwa yamenasa dirishani. Kule uani, mwanamke mmoja mwenye aproni ya bluu alikuwa anasimamia upakuaji wa chupa za chai na masufuria kutoka kwenye mkokoteni, akimwelekeza mwenye mkokoteni kwa kidole. Kidole kile alikijua. Kilikuwa kinamwelekeza yeye tangu wiki ya kwanza ya ndoa yao.

"Kuna nini leo pale nje?" aliuliza, midomo ikicheza kidogo tu, kama alivyojifunza kuongea akiwa kazini.

"Si wiki ya sanaa, Mzee. Jioni tunafungua maonyesho, halafu kwaya, halafu watu wa dansi. Karani kapata mama mmoja wa kupika chai. Anasema chai yake haina mpinzani."

"Ni kweli," alisema kabla hajajizuia.

Mashoto akashusha brashi. "Unamjua?"

Mzee Tulia aliyabandua macho dirishani. Kwa mara ya kwanza kiti kile cha mbao, ambacho kilikuwa kimemlisha yeye na nyumba yake, kilimchoma.

Nyumbani alikuwa Baba Pacha, fundi mwashi. Alikuwa amejenga kuta za watu maisha yake yote, mpaka siku jukwaa la miti lilipovunjika chini ya miguu yake, akaangukia mgongo. Alipona kwa namna ya kupona. Aliporudi kazini, msimamizi alimtazama akiinua ndoo ya zege, akamwambia kwa upole, "Fundi, pumzika kwanza." Upole huo ndio uliomuumiza. Akazunguka kila mahali palipokuwa na mchanga na kokoto, hadi akafika hapa chuoni, kwenye jengo la maktaba mpya, nako wakamwangalia kiuno wakatikisa kichwa. Alikaa juu ya jiwe mbele ya idara ya sanaa, hana hata hamu ya kuondoka. Alikaa mpaka mwalimu wa uchoraji akatoka, akamtazama kwa muda, akamuuliza kama angeweza kukaa vilevile, ndani, kwa malipo.

Jioni ile alimwambia mkewe, "Nimepata kazi chuoni." Mkewe alishukuru mpaka machozi, akauliza kama ni pale kwenye maktaba mpya, naye akasema, "Pale pale." Hakupanga kudanganya. Alikuwa tu ameshindwa kumtamkia mwanamke aliyemwona akibeba mifuko ya saruji mabegani kwamba siku hizi analipwa kwa kukaa kitako. Tena atakaa mbele ya watoto, wamwangalie. Tangu hapo, kila jioni, alipitia kwenye ule ujenzi, akachota vumbi la saruji, akajipaka kwenye suruali na viatu.

Mashoto aliposema "Basi, tumemaliza," mzee alishuka kwenye kijukwaa cha kukalia kwa kushikilia mgongo wa kiti.

"Mwanangu," alisema, "hiyo picha lazima itundikwe leo?"

"Ndiyo mtihani wangu wa mwisho, Mzee. Msahihishaji anatoka chuo kingine. Kwa nini?"

Akamwambia. Alimwambia kwa mkato, akitazama madoa ya rangi sakafuni: yule mama wa chai ni mke wangu, na hajui. Mashoto hakucheka, ingawa mzee alikuwa amejiandaa kuchekwa.

"Labda hatakutambua," alisema. "Rangi nimepaka nene. Njoo uone mwenyewe."

Hakuwahi kutazama picha zao. Ilikuwa desturi aliyojiwekea: wao wafanye yao, yeye afanye yake. Sasa alizunguka upande wa pili wa turubai, polepole, kama anayeingia kwenye chumba cha mgonjwa.

Kwenye picha alikuwa hajakaa. Alikuwa ananyanyuka, makalio yameacha kiti kidogo tu, mkono mmoja umekandamiza goti na mwingine umeshika kiuno kama mtu anayezuia kitu kisidondoke. Midomo ilikuwa imefungwa kwa nguvu. Shingoni mishipa imesimama. Macho yalikuwa yanatazama pembeni, kuhakikisha kwamba hakuna anayeona.

"Sikukaa hivi hata siku moja," alisema.

"Hukukaa. Kwenye kiti nilichukua vivuli vya uso tu. Hivi ndivyo unavyoinuka, ukidhani tunafungasha vitu vyetu na hatukuoni."

Alijua kwamba mkewe, Mama Pacha, angemtambua mtu huyo hata gizani. Tena angemtambua na kujua ambalo yeye amekuwa akilificha kila akiamka, akingoja mkewe atoke kwanza chumbani ndipo ajinyanyue kitandani.

"Sura ni yako," Mashoto alisema. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Ukisema nisiitundike, sitaitundika. Nitawaambia haikukauka. Watanirudisha mwaka mzima, lakini sitaitundika."

Nje watu wa vyombo vya sauti walikuwa wanajaribu mitambo: moja, mbili, moja, mbili. Baba Pacha aliitazama picha, akamtazama msichana, vidole vyake vyenye rangi mpaka kwenye kucha. Ingekuwa rahisi. Alihitaji kusema neno moja tu.

"Itundike," alisema. "Mimi nitaongea naye mwenyewe. Kabla hajaingia ukumbini."

Jiko la ukumbi lilikuwa nyuma, kachumba kenye sinki moja na mvuke mwingi. Mama Pacha alikuwa anapanga vikombe. Alipomwona mumewe mlangoni alishtuka, halafu akacheka kwa aibu, kama mtu aliyefumaniwa.

"Haya, umeniharibia. Nilitaka nikirudi usiku nikuambie, mke wako leo amewanywesha maprofesa chai. Nani kakwambia?"

"Nimekuona kwa dirisha."

"Dirisha gani? Huko kwenu si bado mnajenga?"

"Mama Pacha, hebu sikiliza kidogo."

"Nasikiliza. Ila nisaidie kushusha hiyo sufuria kwanza, maji yamechemka, mimi mikono imejaa sabuni."

Sufuria ilikuwa kubwa, ya kupikia shughuli. Angeweza kusema hapana, siwezi, na mengine yote yangefuata yenyewe. Badala yake alishika mishikio kwa matambara mawili, akainua. Maumivu yakapanda kutoka kiunoni hadi kisogoni kama waya uliovutwa. Aliitua juu ya meza, maji yakamwagika kidogo, akabaki ameinama pale, akijifanya anapanguza.

"Umeungua?"

"Hapana."

Alivuta pumzi. Maneno alikuwa nayo, ameyapanga njia nzima kutoka chumba cha kuchorea: mke wangu, mimi pale maktaba sikuchukuliwa. Ndipo mwalimu wa uchoraji akachungulia, tai imemkaa upande, uso umejaa furaha ya siku kubwa.

"Mzee Tulia, kumbe uko huku! Watu wanakuulizia. Usiondoke, sawa? Leo ni siku yako." Akapotea.

Mama Pacha aligeuka taratibu. Povu lilikuwa linamchuruzika kwenye viwiko.

"Mzee Tulia ndiyo nani?"

"Wananitania."

"Profesa anakutania wewe, mtu wa zege?"

"Ndilo nililotaka kukwambia..."

"Mama wa chai," karani aliita kutoka koridoni, "wageni wameanza kuingia. Trei ya kwanza tafadhali."

Mama Pacha alijifuta mikono haraka, akamtazama mumewe mara moja, kwa jicho la mtu anayeweka jambo kando ili alirudie. Akajaza vikombe. Akabeba trei. Baba Pacha alisimama njiani mwake, na kwa kitambo walitazamana juu ya mvuke, halafu akampisha. Hakujua kwa nini alimpisha. Labda kwa sababu chai ilikuwa inapoa.

Alimfuata mpaka mlango wa ukumbi, akasimama nyuma ya nguzo. Hapo akaona kitu ambacho hakuwa amejiandaa kukiona. Alikuwa ametarajia picha moja. Kuta zilikuwa zimejaa yeye. Yeye kwa penseli, yeye kwa mkaa, yeye kwa rangi za maji, mguu wake peke yake, mikono yake peke yake, kichwa chake cha udongo wa mfinyanzi juu ya meza karibu na maua. Na katikati ya ukuta wa mbele, kubwa kuliko zote, ile ya Mashoto, na Mashoto mwenyewe kando yake, amevaa gauni, akimweleza kitu mzee mwenye miwani anayeandika.

Mama Pacha alikuwa anafanya kazi. Alipita katikati ya watu akitazama vikombe na viatu, akisema "karibu, karibu," akikwepa viwiko vya wasomi. Aliupita ukuta wa kwanza bila kuinua kichwa. Akaupita wa pili. Baba Pacha alijikuta anaomba kwamba chai iishe, umeme ukatike, kwaya ianze. Mwanamke mmoja alichukua kikombe, akamwambia mwenzake, "Huyu mtu ana maumivu, mwangalie," akanyoosha mkono. Na Mama Pacha, kwa adabu tu, akafuata mkono huo kwa macho.

Trei haikuanguka. Vikombe viligongana kidogo, kisha vikatulia. Alisimama mbele ya picha ile kwa muda ambao mtu humpa mgeni anayebisha hodi, halafu akageuka, akamhudumia aliyefuata. "Karibu," alisema. Sauti yake ilikuwa ileile. Akamaliza ukumbi mzima, mtu kwa mtu, hadi trei ikawa tupu, akatoka kwa mlango alipokuwa amesimama mumewe, akamkabidhi trei bila kumtazama.

"Njoo," alisema.

Jikoni alifungua bomba, akalifunga tena.

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Maktaba hawakunichukua."

"Na saruji kwenye nguo?"

"Nilijipaka. Kila jioni."

"Mimi nimefua saruji hiyo," alisema Mama Pacha. "Mikono imenichubuka. Nilikuwa nikisugua najiambia, hili ni vumbi la maktaba, watoto wa watu watasoma humo. Kumbe nafua uongo." Akachukua kitambaa, akapanguza meza. "Kazi yenyewe ni nini? Unakaa?"

"Nakaa. Wananichora."

"Umevaa nguo?"

"Nimevaa, mke wangu. Muda wote."

Kitu kilipita kwenye pembe ya mdomo wake, karibu kicheko, kikazimika.

"Sasa hapo umeficha nini? Kukaa?" Alimsogelea. "Nani angekucheka? Mimi? Mimi ninayeuza chai mlangoni kwa watu?"

"Sikuogopa kucheka kwako."

"Uliogopa nini?"

Kwenye ukumbi kwaya ilikuwa imemaliza kuimba, watu wakapiga makofi, na sauti za viti zikasikika zikisukumwa. "Niliogopa uone kwamba mgongo haurudi," alisema hatimaye. "Haurudi, Mama Pacha. Nimekuwa nikikusubiri utoke chumbani ndipo niamke."

"Unadhani silijui hilo?" alisema. "Natoka mapema ili upate nafasi."

Baba Pacha alinyoosha mkono, lakini mkewe alikuwa ameshageuka.

"Usinishike sasa hivi," alisema. "Nina hasira. Bado nina hasira."

Karani alipita akitangaza kwamba kila mtu aende uwanjani, dansi inaanza. Ngoma zikalia nje. Ukumbi ukamwaga watu wake, na koridoni Mashoto alipita na wenzake, wamemshika mabega, anacheka na kulia kwa pamoja. Alimwona mzee, akataka kuja, akamwona na mama wa chai, akabaki amesimama. Mzee alimpungia mkono aendelee.

Mama Pacha alivua aproni, akaitundika kwenye msumari. Akaenda ukumbini peke yake. Baba Pacha alimfuata, akaishia kizingitini.

Mkewe hakwenda kwenye ile picha kubwa. Alianza na ukuta wa karibu na mlango, palipokuwa na michoro ya kwanza kabisa, ile hafifu ya wanafunzi waliokuwa bado wanajifunza kushika penseli. Alisogea karibu mpaka pua ikakaribia karatasi. Akatazama sikio. Akatazama kola ya shati. Akahamia kwenye mchoro uliofuata, akainamisha kichwa, akahamia kwenye mwingine. Nje watu walikuwa wanapigia makofi mdundo, na vioo vya madirisha vilitetemeka kidogo. Mbele yake bado kulikuwa na kuta tatu nzima.