Aliyezaliwa Mwaka wa Ishirini na Sita

Yule mwanamke wa kaunta aliitazama pasipoti yangu, akaitazama kompyuta yake, kisha akanitazama mimi. Akauliza kwa adabu iliyonitia baridi:

"Samahani sana, mzee wangu. Una miaka tisini na tisa?"

Nikacheka. Nikamwambia magoti yangu ndiyo yenye tisini na tisa, mimi mwenyewe nina sabini na nne. Hakucheka. Kibao cha kifuani kilisema jina lake ni Nagase.

"Kibali chako cha kupita Kanada," akasema, "kimetolewa kwa mtu aliyezaliwa mwaka 1926. Pasipoti inasema 1951. Kwa mashine hao ni watu wawili. Siwezi kumpandisha wa pili kwa kibali cha wa kwanza."

Hapo nikajua mimi na Isobe tumefanya nini.

Isobe ni kinyozi. Duka lake liko chini ya chumba ninachopanga, pale Kawasaki, na ndiye mtu pekee ninayemjua mwenye simu ya kisasa na subira ya kuitumia. Sisi tuliozaliwa zamani tunahesabu miaka tangu mfalme alipokalia kiti. Mimi ni wa mwaka wa ishirini na sita wa enzi ya Showa. Hospitalini naandika ishirini na sita, posta ishirini na sita, kwenye pensheni ishirini na sita. Siku ile tunajaza fomu ya kibali, Isobe aliponiuliza, "Mwaka?" nikamjibu, "Ishirini na sita," naye, mtu wa Showa ishirini na nne, hakuona ajabu yoyote. Akateremsha kidole kwenye orodha mpaka akaukuta mwaka unaoishia na ishirini na sita, akabonyeza. Kibali kikaja kabla chai haijapoa. Tukapongezana.

Wenye pasipoti hii nyekundu tumedekezwa, lazima niseme. Nimezunguka nayo nusu ya dunia, mpishi wa meli, mchuna samaki, mchimba mitaro, na mara nyingi afisa hakuinua hata uso. Anapiga muhuri, unapita. Mtu akizoea milango iliyo wazi hujifunza vibaya. Husahau kusoma kilichoandikwa mlangoni. Brazili ninakokwenda hawanidai viza. Ni ile Kanada ya katikati, ambako ningekaa saa nne tu kwenye kiti nikisubiri ndege ya pili, ndiyo inayotaka uombe ruhusa kabla ya kukanyaga sakafu yao.

"Dada yangu anakufa," nikamwambia Nagase.

Sikupanga kulisema hivyo. Lilitoka tu, na watu wa nyuma yangu kwenye foleni wakaangalia viatu vyao.

Dada yangu ni Fumie. Alikwenda Brazili na mumewe kulima pilipili manga mimi nikiwa na miaka tisa. Ndiye aliyenibeba mgongoni mama akiwa shambani. Jumatatu binti yake, Sayuri, alinipigia simu: daktari anasema siku nne, labda tano. Leo ilikuwa Alhamisi. Safari ni siku nzima na zaidi. Kwenye mkoba wangu, ndani ya kitambaa, kulikuwa na chungu kidogo cha achari ya plamu, zile plamu kali tunazozifukia kwenye chumvi na kuzikausha juani. Hizi alizichachua mama kwa mikono yake, kwetu Minabe, kiangazi chake cha mwisho. Achari hiyo haiozi; miaka hamsini si kitu kwake. Zilikuwa zimebaki sita. Fumie alikuwa ameacha kula, lakini alimwambia Sayuri kwamba uji wenye plamu ya mama angeula.

"Kaunta inafungwa saa kumi na moja na nusu," Nagase akasema. "Sasa ni saa kumi na robo. Ukiomba kibali upya sasa hivi, huenda kikaja kwa dakika chache. Wengi hupata hivyo."

"Na wengine?"

"Wengine huchukua siku kadhaa."

Simu yangu ni ile ya kukunja, inajua kupiga na kupokea tu. Nikampigia Isobe.

"Tamo!" akapaza sauti. "Umeshapaa?"

"Bado niko chini. Umeniandika nina miaka tisini na tisa."

Nikamsikia akimwambia mtu, "Usitikisike, nina wembe hapa." Akanirudia. "Nani kasema?"

"Kompyuta ya uwanja wa ndege. Umeandika 1926, kinyozi wewe!"

"Wewe ndiye uliyesema ishirini na sita!"

"Ya Showa!"

"Mimi nilijuaje wazungu hawana Showa? Ningeandika ipi?"

"Isobe, nisikilize. Jaza upya. Sasa."

"Nina mtu hapa ana povu uso mzima."

"Mwache na povu lake!"

Nikasikia kiti kikisogea, na mteja akilalamika, na Isobe akimwambia povu ni zuri kwa ngozi, atulie. Nagase alihudumia watu wengine, lakini aliniwekea pasipoti yangu wazi pembeni ya kaunta ili nisome namba moja moja. Nilisoma mara mbili. Jina: Kuroiwa Tamotsu. Mwaka: elfu moja mia tisa hamsini na moja. Isobe alirudia kila kitu kama mtoto wa shule, na mimi shati lilikuwa limeshanigandia mgongoni.

"Haya," akasema, "sasa yako haya maswali ya ndiyo na hapana. Juzi nilijibu hapana yote. Naandika hapana. Kifua kikuu, hapana. Kesi, hapana. Kufukuzwa, hapana..."

"Ngoja. Kufukuzwa vipi?"

"Linasema, umewahi kukataliwa viza, au kuzuiwa kuingia, au kuamriwa kuondoka, nchi hiyo au nchi nyingine yoyote."

Nikaishusha simu.

"Tamo? Upo?"

Nilikuwepo, ila nilikuwa pia Australia, Showa hamsini na moja, kijana wa miaka ishirini na tano, nikichuma machungwa. Kwenye kadi ya kuingilia niliandika kwamba nimekuja kutalii. Nilichuma miezi mitano. Wakanikamata, wakaniweka ndani wiki tatu wakinihoji juu ya ile kadi, kisha wakanirudisha kwetu na karatasi. Nilipofika Minabe mama alikuwa amezikwa siku tisa zilizopita. Plamu zake zilikuwa bado juu ya jamvi uani, jirani akizigeuza.

"Isobe," nikasema, "niliwahi kufukuzwa."

"Lini?"

"Showa hamsini na moja."

"Ala! Hao waliokufukuza wameshakufa wote! Hata karatasi zao zimeliwa na panya. Naandika hapana, nani atajua?"

Sauti yake ilikuwa kubwa, na simu yangu ya kizee huvuja. Nagase alikuwa ameinamisha kichwa kwenye karatasi zake, lakini mikono yake haikuandika kitu.

"Binti," nikamwita. "Umesikia?"

"Siwezi kukushauri cha kujibu, mzee wangu." Alisema polepole. "Ninachojua ni kanuni tu. Wakigundua uongo, wanaweza kukufungia miaka mitano. Na wakigundua ukiwa kule, watakuzuia kule."

"Na nikisema ndiyo?"

"Mtu ataisoma. Si mashine. Mtu."

Nilikuwa na miaka sabini na nne. Miaka mitano kwangu ni kama yote. Lakini sikuwaza hiyo, sitaki kujipamba. Niliwaza chumba kile cha Australia chenye kitanda cha chuma. Nilijiona nimekaa katika chumba kama hicho huko Kanada, na plamu mkobani, na Fumie akinisubiri, na wao wakiuliza: kwa nini uliandika hapana? Uongo ulishanikosesha mama.

"Tamo, povu linamkauka huyu bwana!"

"Andika ndiyo."

"Usiwe punguani."

"Andika ndiyo, Isobe. Andika na maelezo. Machungwa, miezi mitano, Australia. Hesabu mwaka vizuri."

Akanitukana. Alinitukana kwa maneno ambayo sijayasikia tangu melini, kisha nikasikia akipumua na kubonyeza. "Dada yako ndiye atakayekufa kwa ukaidi wako," akasema. Halafu, kwa sauti nyingine: "Nimetuma. Nisamehe, Tamo. Ile ishirini na sita."

Ilikuwa saa kumi na dakika arobaini.

Nilikaa kwenye benchi inayotazama kaunta. Kila dakika kumi nilimpigia Isobe, na kila mara alipokea kabla simu haijalia mara mbili. Saa kumi na dakika hamsini, hakuna. Saa kumi na moja, hakuna. Mteja wa povu alikuwa amemaliza kunyolewa lakini hakuondoka, nilimsikia akiuliza, "Bado?" Watu wote wa ndege yangu waliingia, bibi mmoja na kofia ya majani, kundi la wanafunzi, mtu na gita. Niliwachukia kila mmoja kwa zamu yake. Nilimwendea Nagase mara tatu. Mara ya pili nilimwinamia mpaka paji likagusa kaunta, nikamwambia anipandishe tu, nitajieleza mwenyewe huko mbele. Akazunguka kaunta, akaja kuniinua kwa mabega, akasema wakinirudisha nitarudishwa na ndege ileile, na yeye atakuwa amenidanganya.

Aliniangalizia njia nyingine. Kupitia Ghuba, siti ya kwanza ilikuwa Jumapili, na hata hiyo nisingeimudu. Akiba yangu yote ilikuwa kwenye tiketi hii.

Saa kumi na moja na dakika ishirini Isobe akapiga mwenyewe. Niliinuka kabla ya kupokea.

"Wamejibu," akasema.

"Wamesemaje?"

"Wanasema ombi limepokelewa na linashughulikiwa. Wanasema nisitume tena, nisubiri saa sabini na mbili." Akaongeza haraka: "Tamo, labda hii ni barua wanayomtumia kila mtu. Labda nyingine inakuja nyuma yake."

Haikuja. Saa ilipotimia Nagase alizima taa ya kaunta, akatoka mbele, akaniinamia kuomba radhi, akabaki ameinama muda mrefu kuliko kanuni yao inavyotaka. Sikumrudishia. Nimejuta baadaye. Kibali chenyewe kilikuja siku ya tano, sina cha kusema juu yake.

Nikampigia Sayuri. Huko kwao saa ni ileile, ila imepinduliwa. Palikuwa panaanza kupambazuka.

"Mjomba! Uko wapi, ndani ya ndege?"

"Niko benchini. Wamenizuia, mwanangu."

Hakuuliza kwa nini. Nilisikia mlango ukifungwa, akaenda kulia mahali, akarudi.

"Yuko macho?" nikauliza.

"Macho yako wazi. Hasemi tangu jana. Tangu juzi hajameza hata maji, tunamlowanisha midomo na pamba."

"Mwekee simu sikioni."

Nikasubiri. Nikasikia pumzi yake, ndefu, yenye mkwaruzo. Fumie aliyenibeba mgongoni. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Jumatatu, yote yakanitoka.

"Dada," nikasema, "ni Tamo. Nimefungua chungu cha mama."

Na nikakifungua kweli, pale benchini. Harufu ikapanda, mpaka mtu wa benchi ya pili akageuka. Zamani Fumie alikuwa na mchezo wake: ananitia plamu mdomoni bila kunionya, kisha anacheka mpaka anakaa chini, akisema nimefanya uso wa nyani. Nikachukua moja. Ilikuwa nyeusi, ngumu, imetoa chumvi kama jasho.

"Sikiliza," nikamwambia. "Naitia mdomoni."

Nikaitia. Nikaifyonza kwa kelele, simu nimeibana shavuni, mate yakanijaa kama bomba lililofunguliwa, macho yakafumba yenyewe. Kwetu hata kuitaja tu plamu hiyo humtoa mtu mate. Nikafyonza, nikatafuna ngozi yake, nikapiga ulimi kaakaani, mzee mzima uwanja wa ndege, machozi yananimwagika na sijui ni ya ukali au ya nini.

"Mjomba!" Alikuwa Sayuri. "Mjomba, unafanya nini? Amemeza!"

"Amemeza nini?"

"Mate! Ameyameza, nimeona koo likienda. Na amekunja uso."

"Uso gani?"

"Sijui, umejikunja wote, pua, macho..."

"Kama nyani?"

Sayuri alikuwa analia na kucheka pamoja. "Ndiyo, mjomba. Kama nyani."

"Rudisha simu sikioni," nikasema. Zilikuwa zimebaki tano. Nikachukua nyingine.