Mashine Iliyo Wazi Ubavuni

Aanyu, mke wa Okedi wa Molo ya Tororo, alikuwa ameshindwa na mashine ya kwanza, ile ya bomba. Walipomwingiza hadi mabegani alipiga mayowe mpaka wakamtoa. Ndipo akaelekezwa Busia, upande wa Kenya, kwenye kliniki yenye MRI ya wazi, mashine ya kupiga picha kwa sumaku. Mguu wake wa kushoto ulishaanza kufa ganzi, na daktari wa Tororo alisema bila picha ya mgongo hampasui mtu.

Mama mkwe wake, Akiteng, alimsindikiza, amevaa gomesi ya kijani na mshipi mpana kama anayekwenda harusini.

"Hii haina bomba," alieleza Allan, mpiga picha. "Sumaku moja juu, moja chini, wewe katikati, kando wazi. Haiumi. Itagonga kama watu wanaopigilia mabati, ndiyo maana nakupa vizibo vya masikio. Dakika arobaini, usitikisike tu. Ukizidiwa, minya hiki kipira. Na mama akitaka, akae hapa akushike mkono."

"Mimi nakaa," akasema Akiteng.

Wakavua vyuma. Aanyu hereni, vibanio vya nywele na sidiria yenye waya. Akiteng rozari na pini tatu za gomesi. Kisha Allan akasoma fomu kwa sauti, mlango wazi.

"Ulishapigwa risasi? Una chuma kwenye mfupa? Una koili ya kupanga uzazi?"

Aanyu akamtupia jicho mkwewe. Alikuwa na mabinti wanne. Uzazi wa nne nusura uondoke naye kwa damu, na baada ya hapo alikwenda Tororo peke yake, akawekewa koili. Miaka sita sasa Akiteng alikuwa amelitunza jina la marehemu mumewe, Engole, likingoja mvulana, na kila Jumapili aliuliza mbele za watu hilo tumbo limelala usingizi gani. Lakini kule Molo walisema sumaku ya mashine hii hukwapua chuma hata kikiwa ndani ya nyama.

"Iko," akanong'ona.

"Sijasikia, mama. Nini iko?"

"Koili."

"Ya shaba? Aa, hiyo haina noma, haivutwi. Nilikuwa najaza fomu tu."

Akamlaza, akaenda zake nyuma ya kioo.

Mashine ikagonga. Aanyu akakodolea macho dari la sumaku, shubiri moja juu ya pua yake. Ilipopumzika kidogo, mkono wa mkwewe ukamshika vidole, laini kabisa.

"Kumbe mume wangu umemziba wewe asizaliwe tena," Akiteng akasema sikioni. "Usitikisike, mwanangu. Mgongo wako."

Ikagonga tena. Ikanyamaza.

"Akiror wa Merikit ana binti wa kuolewa. Kiuno cha kuzaa! Okedi nitamwambia leo. Hawa wanne utawaacha, ni wa ukoo. Wewe utakwenda na koili yako."

Kipira kilikuwa kiganjani. Akikiminya, picha hakuna. Bila picha, mguu hakuna. Hakukiminya. Ila kifua kilimsaliti, kikaruka kwa kwikwi moja tu.

"Pole, mama, umetikisika," sauti ya Allan ikatoka kwenye spika. "Hiyo ya mwisho tunairudia. Dakika saba. Mama mzazi, endelea kumtuliza, unafanya vizuri."

"Asante, daktari," Akiteng akaitika, akasogeza kiti karibu zaidi. "Hatuna haraka."