Kanda ya Bi Kijakazi

...penseli, jamani, mtu mzima anapewa penseli asaini mambo ya mamake mzazi, na huyu mtoto Joyceline wa chuo kikuu wala hakuona ajabu mpaka Bi Kuruthumu alipomtolea macho, ndipo akacheka kwa aibu, "Nisamehe mama, kule kwetu kwenye nyaraka wino hauingii hata mlangoni, tumezoea penseli," akapekua mkoba mzima, kalamu hana, ikabidi Bi Kuruthumu atoe yake ya dukani, ile anayoandikia majina ya mabiharusi na siku zao, na sasa anayo mkononi, karatasi iko juu ya kaunta kati ya mzani wa udi na kopo la liwa, nje mmachinga anapasua koo, buku mbili, buku mbili, na binti anasema taratibu, "Ukisaini hapo chini tu mama, inatosha," hapo chini tu, kama mtu anayepokea gunia la karafuu, kumbe anachoombwa ni kuivunja kauli ya marehemu Bi Kijakazi, mama yake, kungwi ambaye enzi zake hapa Kariakoo mpaka Gerezani ukisikia mwali katoka vizuri huulizi kafundwa na nani, na kauli yenyewe iko kwenye kadi ndogo, imebandikwa juu ya mkebe wa kanda huko chuo kikuu tangu mwaka sabini na tisa, Mwanamume asisikilize, mwanamke asiyechezwa unyago asisikilize, mistari miwili, basi, na chini yake dole gumba... "kanda yenyewe mama imeanza kunata," Joyceline anaeleza tena, kwa mara ya tatu leo, maskini, anadhani hajaeleweka, "inaacha unga wa kahawia, tukiingoja mwaka mwingine haitazunguka kabisa, na Tarsis fundi wetu anastaafu mwisho wa mwezi na mashine ya kuihamisha ndiyo hiyohiyo moja, ikigoma ni yeye tu anayeiweza, mimi amenifundisha, naweza kuiendesha peke yangu, ila anayeiendesha lazima asikie, na hiyo kadi inanikataza hata mimi," ndiyo inakukataza, we mtoto wa Rogath wa vifaa vya ujenzi, umezaliwa Mchagga, umesomeshwa na masista, umechezwa wapi wewe, na Bi Kuruthumu nusura acheke, lakini kicheko hakikufika, kwa sababu nyimbo kwenye ile kanda ni saba na yeye mwenyewe anazo nne.

Nne tu, hilo hajamwambia mtu, hata mumewe hakuwahi kujua, watu wanamwita kungwi, wanamlipia teksi mpaka kumbi za Upanga akafunde kwenye hizo kitchen party zao, MC na kipaza sauti, shela za rangi, wanawake mia mbili na simu mia mbili juu wanarekodi, na yeye anawaimbia vijimambo vya kuchekesha tu, vya mtaani, zile nne hazitoi pale, thubutu, zile nne anaziimba chumbani kwa mwali mmoja mlango umefungwa, na akifika mwisho wa ya nne ananyamaza, mwali anadhani yamekwisha, kumbe zimebaki tatu ambazo Bi Kijakazi alimnyima, si kwa chuki, alikuwa na lake yule mama, alisema hizi tatu za mwisho mwanamke hapewi mpaka awe na mtoto wa kike wa kumfundisha, utabeba mzigo uende nao wapi kama huna wa kumtwika, ngoja uzae, na Kuruthumu akazaa, dume, akazaa tena, dume, wa tatu naye dume, kila akitoka hospitali mamake anamfunua mtoto nepi, anamfunika, anasema Mungu ndiye mpaji, mwaka ujao, na mwaka ujao ndio huo akaanguka chooni alfajiri, ulimi ukawa mzito, siku nne akawa anamwangalia tu bintiye kwa jicho moja, anataka kusema, hasemi, siku ya tano tukazika, miaka thelathini na ushee sasa, na sauti ile hajaisikia tena hata ndotoni, nani alikuwa na kaseti siku zile, nani alikuwa na simu... "Mama, una swali lolote?" hapana mwanangu, sina, au ninayo mengi, subiri kwanza.

Kwani siku ya Jumanne si alienda mwenyewe chuo kikuu kuiona hiyo kanda, si alivaa baibui jipya na viatu vya kufunga akajua anakwenda kugombana, kwamba sauti ya mamangu imekaa kwa wanaume miaka yote hiyo bila sisi wenyewe kuambiwa iko wapi, alikuwa na maneno yake kayapanga, na alipoingizwa kwenye chumba cha baridi cha nyaraka maneno yakampotea, maana hakujua kama kuna mahali watu wametunza hivi, ramani ya bonde la Msimbazi imechorwa kwa mkono, na nyumba za watu moja moja, kabla mafuriko hayajawahamisha, majani yamekaushwa miaka hamsini, bado ya kijani kwa mbali, na pembeni ya kila jani jina lake la Kizaramo na dawa ya nini, daftari za karani mmoja wa stesheni aliyekuwa akiandika mvua ya kila siku, miaka kumi na tisa, hata siku ambayo haikunyesha kaandika haikunyesha, mabango ya kisomo cha watu wazima, barua za makuli wa bandarini, picha za mafundi wakisimamisha zege la soko, na katikati ya tasnifu nene ya daktari kuhusu malaria na barua za makuli, pale pale, mkebe wa mama, umefutwa vumbi, na mzee Zahoro mtunza rafu, mwanamume mzima wa mvi, akasimama mbali hatua mbili kama anayebisha hodi kwenye chumba cha wanawake, akasema, "Dada yangu, mimi niko hapa tangu mwaka themanini na nne, kanda zote za rafu hii nimezisikia, hiyo moja sijaisikia, mama kasema hapana," mama kasema hapana, ebo, si mkuu wa chuo kasema, si serikali imesema, mama, na akaongeza kwamba walishakuja maprofesa, alishakuja mgeni kutoka Ulaya na barua tatu za vibali, wakamwonyesha kadi, akaisoma, akavua miwani, akarudi alikotoka, na hapo ndipo Bi Kuruthumu alipokalia kiti bila kukaribishwa, maana Bi Kijakazi alikuwa hajui a wala be, jina lake mwenyewe lilikuwa likimpita kwenye karatasi kama nzi, dole gumba lake lile lile lililokuwa likisinga mabiharusi, na chuo kikuu kizima, wenye majoho na wenye miwani, miaka arobaini na sita wamelitii, hakuna aliyechungulia, nani katika nchi hii ametiiwa hivyo, niambie, mawaziri wenyewe wanasema leo kesho yamesahaulika, na kifua kikamjaa, kimejaa mpaka sasa, alitembea Kariakoo yote Jumatano shingo imesimama, kila aliyemsalimia alitaka kumwambia unanijua mimi mtoto wa nani.

Sasa mtoto wa huyo huyo ndiye afute, kwa kalamu ya dukani, naondoa sharti lililowekwa na marehemu mama yangu, imechapwa vizuri, nukta na mkato, aah, na asipofuta, kanda itakuwa unga wa kahawia ndani ya mkebe safi uliofutwa vumbi, wataendelea kumtii mtu ambaye hayumo tena, na nyimbo tatu zitakuwa zimekufa mara mbili, moja ulimini na moja kwenye gurudumu, na yeye Kuruthumu ataulizwa kaburini, ulikuwa wapi, nilikuwa dukani mama, napima udi... mbona Blandina alisikia, hilo limemjia ghafla, mbona Blandina, Mngoni wa watu, mwanafunzi wa chuo, aliyekuja na mashine begani nzito imemchubua, Mungu amrehemu naye, Kuruthumu alikuwa msichana wa miaka kumi na sita, ndiye aliyemfungulia mlango, na Blandina akasema shikamoo, nimekuja kurekodi nyimbo, na Bi Kijakazi hata hakumtazama, alikuwa anatwanga dalia, ile manjano ya kusingia mabiharusi, akasema, "Marahaba, hilo redio lako weka kule pembeni, kwanza wewe," "Lakini Bi Kijakazi, mimi nimekuja kurekodi tu," "Utarekodi nini usichokijua?" na yule dada akatoka amenuna, Kuruthumu akadhani ndiyo basi, kumbe kaenda kumwomba ruhusa mwalimu wake, kesho yake karudi na kanga mbili na mswaki, akawekwa ndani siku saba, ameketi mkekani na rozari yake shingoni, mama hakuigusa ile rozari wala hakuiuliza, kila mtu na Mungu wake, na Kuruthumu ndiye aliyekuwa akipeleka uji, siku ya pili akamkuta analia, siku ya tano akamkuta anacheka mpaka machozi, na siku ya nane alitoka mwili wote unang'aa manjano, akaketi, akabonyeza kitufe mwenyewe, akasema, "Haya, somo yangu, imba," na Kuruthumu akatolewa nje, mlango ukafungwa, mama akaimba zote saba, saba, mbele ya mtoto asiyekuwa wa tumbo lake, hapo hapo, Kuruthumu, tulia hapo, mbele ya mtoto asiyemzaa, kwa hiyo siku ile mama alimtwika yule kama mtoto wake wa kike, na mimi wa tumbo lake niko nje ya mlango, na neno lenyewe alilolisema miaka yote, mtoto wa kike wa kumfundisha, kumfundisha, alisema wa kumzaa? hakusema wa kumzaa, ni sisi tuliosikia hivyo, ni yeye aliyekuwa akifunua nepi, kweli, lakini bibi yeyote hufunua nepi... na sharti hakumwondolea Blandina, hakumwondolea mtu yeyote kamwe, alimwondoa Blandina pale alipokuwa akamleta lilipo sharti, ndivyo alivyofanya, ndiyo ilivyokuwa kazi yake yule mwanamke, na mimi kungwi mzima nimeshika kalamu robo saa nafikiria kufuta.

"Mama," Joyceline anasema, anaivuta ile karatasi kidogo kwa ncha ya kidole, "hata usiposaini nitaelewa, nitairudisha kabatini, nitamwambia mzee Zahoro tuiache ilale, tumeitunza vya kutosha," na macho yamemlowa, mtoto wa watu, analilia nyimbo asizozijua za mwanamke asiyemjua, wanawe Kuruthumu mwenyewe watatu wa kiume hawajawahi hata kuuliza bibi yao alikuwa akifanya kazi gani, na Bi Kuruthumu akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu aingie, mkono mdogo una vumbi la makaratasi kwenye kucha, mgongo umenyooka, anajua kungoja, anajua kufunga mdomo, mikono hiyo imezoea kushika vitu vya watu bila kuviharibu, mwisho wa mwezi bado siku ishirini na mbili, toa saba, zinabaki za kutosha, chumba cha nyuma kina mkeka na kina mlango, na kama ni wa kanisa basi na aje na rozari yake, akaifunika kalamu.

"Mwanangu," akasema, "likizo yako ya mwaka huu umeshachukua?"