Pembe ya Pili ya Nyota

Nasteha, binti wa Mama Hawa mwenye duka la nguo mjini Eldoret, hakuwa mtu wa kunyamazishwa, na Daktari Mabonga, mwalimu wake chuoni, alilijua hilo vizuri mno. Walikuwa wamebishana wiki nzima juu ya nyota moja inayokufa. Nyota ikizeeka hutema gesi na vumbi mpaka ijifunike gamba, na gamba hilo hutoa mawimbi ya redio. Kwenye kompyuta yao yalisimama kama pembe mbili: moja ya gesi inayotujia, nyingine ya gesi inayotukimbia. Ya kwanza ilijulikana zamani. Ya pili aliigundua Nasteha.

Mabonga alishikilia kwamba ya pili ni kelele ya setilaiti tu. Mkaidi hafaidi hadi siku ya Idi, alimwambia, na bila uthibitisho sura inayoihusu pembe hiyo ingeondolewa kwenye tasnifu ya Nasteha. Dishi linalonasa mawimbi hayo liko mbali, kusini mwa Afrika, nao waliliongoza kwa intaneti. Zamu yao ya kulitumia ilikuwa inaisha alasiri hiyo.

Mama Hawa aliyewaletea chupa ya chai aliwacheka, ati watu wazima na akili zao wanatafuta nyota jua likiwaka! Nasteha akamweleza kwamba redio haijali mchana wala usiku. Mama akaketi, akatoa tasbihi.

Zamu ikikaribia kwisha, Nasteha akaanza kuliondoa dishi kwenye nyota, alielekeze kando, palipo patupu. Mabonga akainuka kitini.

"Unatupa zamu yetu, Nasteha."

"Kama ni setilaiti, Daktari, itasikika hata huko," akajibu. "Ikinyamaza, basi ni nyota."

Dishi likageuka polepole. Pembe zikafifia, zote mbili, mstari ukalala. Mstari kama huo Mama Hawa aliwahi kuuona hospitalini, siku mumewe Abdullahi alipofariki. Machozi yakamtoka.

"Pole, mwanangu. Imekufa?"

Nasteha alikuwa anacheka kwa furaha. Akalirudisha dishi kwenye nyota, akamshika mamake mkono, wakangoja. Pembe ya kwanza ikainuka, kisha ya pili ikasimama kando yake.

"Bado, Hooyo," akasema, akimwita mama kwa Kisomali. "Iko."

Mabonga akafungua chupa ya chai, na kikombe cha kwanza akampa mwanafunzi wake.