Waifai Nyuma ya Masinia

Hapa Nyasubi, wanawake tunaochota nao maji bombani walisema waifai inavuta radi. Maneno hayo yalinikaa kichwani, basi nikaficha kile kiboksi chake kabatini, nyuma ya masinia ya bati, nikakifunika kitambaa. Tangu siku hiyo TV ikawa inapoteza mtandao kila mara.

Jumamosi binti yangu Raudha alishindana kusoma Kurani kule Geita. Mimi nilikuwa nimevunjika mguu, una plasta, kwa hiyo ningemwona kwenye TV tu. Majirani walijaa sebuleni. Zamu yake ilipofika, picha ikaganda!

Nikazima, nikawasha. Wapi! Machozi yakanilenga.

Jirani yangu Mama Mbuke akainuka. "Mama Raudha, ngoja nipakue pilau watu wale."

Akatoa sinia moja kabatini, picha ikatikisika. Alipotoa la pili, sauti ya mwanangu ikajaa nyumba nzima.

"Usirudishe!" nikapiga kelele.

Mama Mbuke akachungulia kabatini, akakiona kiboksi. "Kumbe mchawi wa TV ni wewe mwenyewe!"

Tulicheka, kisha tukamsikiliza Raudha mpaka mwisho.

Kina mama wenzangu, epukeni haya:
- Kuficha waifai kabatini.
- Kuiweka nyuma ya masinia na masufuria.
- Kuifunika kitambaa.
- Kuamini maneno ya bombani kabla ya kumuuliza fundi.