Nyundo za Kaltumi

Mimi nina sauti kubwa, nakiri. Miaka tisa nasaga mahindi na muhogo hapa Kisenyi, na mbele ya mashine ukinong'ona unajinong'onea mwenyewe. Lakini kutikisa nyumba ya watu sikukusudia. Mashine yangu ilianza kutetemeka kama mgonjwa wa malaria, beringi zikawa zinakufa kila wiki mbili, na upande wa pili wa ukuta jirani yangu Safinah anauza glasi. Zikawa zinagongana mchana kutwa. Sita zilipoanguka, akaenda kwa Haji, mwenye nyumba.

Haji akaja, akautazama ufa ukutani, akanipa mpaka Ijumaa. Mashine ikitikisa tena, nihame. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wanasema. Mimi ukuta wenyewe hata si wangu. Nilimnunia Safinah siku mbili nzima, ila ukweli niliogopa. Wateja wangu wote wako hapa. Kwingine ningeanza na nani?

Jumatano nikamwita Mugisho, fundi wa kutoka Bukavu. Akafungua mashine. Ndani mna nyundo ishirini na nne za chuma, ndizo zinazozunguka na kuponda mahindi. Akazitoa moja moja, akacheka.

"Mama, nani alibadilisha hizi?"

"Mimi mwenyewe," nikasema kwa fahari. "Ikichakaa moja, nabadili hiyo moja. Situpi kitu kizima."

"Basi ugonjwa iko hapa. Hii iko mupya, mwenzake wa ngambo ile imeisha nusu. Zikizunguka, uzito inavuta upande moja, inapiga beringi. Beringi haina kosa."

Iliniuma. Miaka yote hiyo nilijiona mwerevu, kumbe ubahili wangu ndio uliokuwa ukivunja glasi za watu. Nilitaka kumfokea, badala yake nikaenda kuleta kikapu.

Tukazibeba hadi duka la viungo, kwenye mizani ya kupimia iliki. Mugisho akazipanga mbilimbili, zenye uzito sawa zikae zikitazamana. Zilizochakaa mno nikanunua mpya, tena bila kugombania bei. Kisha akalaza shafti, ule mhimili unaozungusha nyundo, pamoja na sahani zake za chuma, juu ya vyuma viwili vilivyonyooka. Ikajiviringisha yenyewe, upande mzito ukashuka chini. Akaukwangua kidogo kwa grenda, akailaza tena. Mara ya tano, popote alipoiachia ilitulia palepale. Nikajikuta nakichekea chuma.

Ijumaa baada ya swala Haji akafika, mashine inasaga. Safinah akaingia nyuma yake bila salamu, mkono mmoja glasi nyembamba kuliko zote dukani kwake, wa pili birika la chai. Akaijaza chai, akaiweka juu ya fremu ya mashine. Sote tukaikodolea macho. Chai ikatetemeka kidogo tu kwa juu. Haikumwagika hata tone. Haji akabandika kiganja ukutani, akangoja, akakiondoa.

"Umeona, Haji?" nikauliza. Nilikuwa na furaha, na furaha yangu haijui kunong'ona.

Haji akaziba masikio. "Kutetemeka imeisha, mama nnyabo. Lakini kelele iko bado."

Safinah akaichukua glasi yake, akapiga funda moja.

"Ile si ya mashine, Haji. Ile ni ya Kaltumi. Iache tu, mimi nimeizoea."