Begi Langu la Mkononi

"Vya nani hivi vyote?" askari wa kike wa bandarini aliniuliza, huku akitoa kitu kimoja kimoja kwenye begi langu la mkononi na kukipanga mezani. Dawa za presha. Dawa za sukari. Kipimo cha presha na mkanda wake. Nepi tatu za watu wazima. Miwani isiyo yangu.

"Vya mama yangu."

"Mama mwenyewe yuko wapi?"

"Nyumbani."

Aliniangalia, kisha akauliza kwa upole ulioniuma kuliko kama angenifokea, "Na vya kwako viko wapi?"

Havikuwemo. Hata mswaki.

Ilikuwa miaka tisa tangu mama apooze upande mmoja, na mimi, mtoto wa kati nisiye na mume, nikaachiwa kumwuguza. Sikuwahi kusema nimechoka. Nilikuwa nikisema nina usingizi. Dada yetu mkubwa ndiye aliyenikatia tiketi ya meli ya matembezi, siku saba majini, na kaka yetu mdogo, fundi friji, akakubali kuhamia kwa mama wiki hiyo. Dada alinielekeza kwa simu. Sanduku kubwa, alisema, wapagazi watalipokea gatini na utalikuta chumbani jioni. "Kwenye begi la mkononi weka vile tu ambavyo huwezi kushinda bila kuwa navyo."

Asubuhi ile nilifungasha macho yakiwa mazito. Mama alikuwa kwenye kiti chake, akinitania kwamba nitarudi nimenenepa hadi mlango usinitoshe. Mikono yangu ilikwenda yenyewe kabatini, kama ilivyozoea kila tulipotoka kwenda kliniki. Nikafunga zipu, nikambusu, nikaondoka na uzima wake begani.

Nilimpigia kaka nikiwa kwenye benchi la ukaguzi. Lango lingefungwa baada ya saa moja na nusu.

"Rudi tu, dada," alisema. "Mimi hata sijui dawa inaanza ipi."

Moyo wangu ulitulia aliposema hivyo, na hilo ndilo lililonitisha. Nilitaka kurudi. Lakini nilijua nikirudi siku ile sitatoka tena mpaka tumzike mama, na kwamba nitaanza kuingoja siku hiyo.

"Mwachie jirani mama, uje uvichukue vitu vyake," nikasema. "Nitakuonyesha."

Alikuja na pikipiki, jasho likimtiririka. Nikamfundisha pale pale kwenye benchi: hii kabla ya kula, hii baada ya kula, mkanda unafungwa mkono ulio mzima. Alikosea, nikarudia. Akakosea tena. Mwishowe alibaki ameinamia zile dawa mapajani mwake.

"Dada, kumbe ni vyote hivi? Kila siku?"

"Kila siku."

Akavikusanya vyote kwa mikono miwili, akaondoka taratibu kuliko alivyokuja. Askari akalipitisha begi langu tupu bila hata kulifungua.

Chumba changu melini kilikuwa na kitanda kimoja na kimya ambacho sikukijua. Nilikaa na viatu miguuni, nikisubiri kuitwa. Hakuna aliyeniita. Ilipofika saa ya dawa za jioni niliinuka mwenyewe, nikamimina maji kwenye glasi, nikageuka nayo. Nilisimama hivyo katikati ya chumba kwa muda mrefu. Kisha nikayanywa mimi.